Kuhakiki Nyundo

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki shairi, riwaya na tamthilia. Mimi leo namwomba msomaji radhi nihakiki nyundo. Sifanyi mzaha. Nyundo ya mhunzi imetungwa na mtu, ina umbo na ina kusudi, na kama zilivyo tungo nyingine, zipo zilizotungwa kwa akili na zipo zilizotungwa ovyo kisha zikapakwa rangi. Tena uhakiki mbaya wa nyundo una hasara kubwa kuliko uhakiki mbaya wa shairi, maana shairi bovu halimtoi mtu jicho.

Dai langu ni kwamba nyundo haihukumiwi kwa kuitazama yenyewe. Huhukumiwa kwa kutazama chuma kilichopigwa nayo na mkono ulioishika. Kila mhunzi analijua jambo hili. Sisi watu wa shule ndio tuliolisahau, na kwa kuwa ndio tunaoandika mitaala, tunaonunua vifaa vya karakana na kutoa alama, usahaulifu wetu huwaangukia watoto wa watu.

Tuanze na uso. Ingia katika duka la vifaa uombe nyundo ya chuma. Aghalabu utapewa ile yenye uso bapa upande mmoja, na upande wa pili mviringo kama yai. Hiyo ni nyundo ya makanika, nzuri kwa kazi yake. Kwa mhunzi, uso bapa wenye kingo kali ni adui. Mkono wa binadamu hauteremki wima kama uzi wa timazi. Huja umeinama kidogo, na kingo ikitangulia huacha kovu katika chuma chekundu. Kila kovu ladai mapigo mengine ya kulifuta, na wakati huo chuma chapoa, makaa yaungua bure. Uso mwema umevimba kidogo katikati, hata ukiulazia rula utaona mwanga ukipenya pembeni, na kingo zake zimelainishwa kwa tupa. Upande wa pili uwe kama kabari butu. Ukipiga kwa upande huo, chuma hakitawanyiki kila mahali, bali hukimbilia pande mbili tu, kama donge la chapati linavyotambaa mbele ya mti wa kusukumia. Hivyo ndivyo kipande kifupi kinavyorefuka kuwa panga bila kurudishwa motoni mara nyingi.

Kuhusu uzito sina mengi. Vijana hupenda nyundo nzito kwa sababu ileile wanayopendea redio yenye sauti kubwa. Kwa kazi nyingi za mkono mmoja, kilo moja hadi kilo moja na nusu yatosha. Panapohitajika nguvu zaidi, aitwe msaidizi mwenye nyundo kubwa ya mikono miwili. Niliowafundisha fizikia watakumbuka kwamba nishati ya mwendo huongezeka kwa kadiri ya uzito, lakini kwa kipeo cha pili cha kasi. Nyundo nyepesi iendayo mbio huishinda nyundo nzito iliyochoka. Mwenye nyundo nzito kupita kiasi hupiga vizuri mapigo kumi ya kwanza. Baada ya hapo nyundo ndiyo inayompiga yeye, na kiwiko ndicho fuawe.

Anaposikika mzee akisema hivi, watu hudhani anataka turudi kwenye nyundo za mababu. La. Nyundo hizo nazo zinahitaji kuhakikiwa. Katika nchi za Maziwa Makuu mhunzi wa kale alitumia nyundo isiyo na mpini wa mti: pande moja la chuma, jembamba panaposhikwa, nene panapopiga. Iliweza kushikwa ikawa nyundo, au kusimikwa ardhini ikawa fuawe. Heshima yake ilikuwa kubwa. Kaburi la mfalme Cyirima Rujugira wa Rwanda, aliyetawala katika karne ya 18, lilipofukuliwa, zilikutwa nyundo za chuma za namna hiyo zimewekwa chini ya kichwa chake. Huku kwetu, Profesa Isaria Kimambo katika historia yake ya Wapare, iliyotoka mwaka 1969, alieleza jinsi ukoo wa wahunzi, Washana, ulivyokuwa na enzi katika Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Mithali yetu nayo yasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na kusana ni neno la kale la kufua chuma. Sikio langu husikia udugu kati ya neno hilo na jina la ukoo ule, ingawa sikio la mwalimu wa Kiswahili si ushahidi mahakamani. Hata chama kilichozaliwa mwaka 1977 kiliiweka nyundo juu ya bendera yake pamoja na jembe, nyundo ikiwa ya mfanyakazi na jembe la mkulima, kana kwamba jembe halikutoka kwa nyundo.

Basi nyundo za kale nazisifu kwa maana yake, sizisifu kwa matumizi. Bila mpini wa mti, mshindo wote hupanda katika kifundo cha mkono, na mzunguko wa pigo ni mfupi, kwa hiyo kasi ni ndogo. Mpini ni maendeleo ya kweli. Anayetaka kuutukana kwa sababu ulikuja na wageni, na ashike pande lile la chuma kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, kisha tuzungumze.

Kilichonifanya niandike haya ni mtihani wa vitendo niliouona miaka ya 1980, nikiwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Kila mwanachuo alitakiwa kutengeneza kifaa. Wengi walileta bawaba na vizoleo vya bati. Mmoja, aliyezaliwa katika nyumba ya wahunzi, aliomba kipande cha ekseli ya lori iliyokatika, akakipasha moto kwa mkaa na mvukuto wa karakana, akafua nyundo. Mtahini kutoka nje alikuja na fomu yenye vipengele vya vipimo, unyoofu, umaliziaji na usafi. Akaandika kwamba uso haukuwa bapa, ubavu ulikuwa mweusi, na tundu la mpini lilikuwa jembamba katikati. Kijana akapata chini ya nusu.

Natazama tena kasoro hizo moja baada ya moja, kama ambavyo ningetazama mistari ya shairi lililokataliwa na mhariri. Uso usio bapa nimeshaueleza. Ubavu mweusi ni gamba la moto lililoachwa mahali pasipopiga kitu. Kulisugua kwa msasa ni kupoteza nusu siku. Na tundu ndilo lililokuwa hodari kuliko yote. Hakulitoboa kwa keekee, maana tundu la mviringo huacha kichwa kizunguke juu ya mpini. Alilipasua kwa tindo chuma kikiwa chekundu, kutoka upande huu na kutoka upande wa pili, akalipanua kwa chuma cha umbo la yai. Tundu la namna hiyo huwa pana midomoni na jembamba kiunoni. Mpini huingia kwa chini hadi kiunoni, kabari hupigwa kwa juu, mti ukapanuka, na kichwa hakiwezi kuchomoka. Kilichoandikwa kuwa kasoro ndicho kinachozuia kichwa cha nyundo kisiruke kikaua mtu.

Nilimweleza mtahini hayo yote. Alinisikiliza kwa adabu, akanionyesha fomu: hapakuwa na nafasi ya kuandika kama kifaa kinafanya kazi. Niliandika barua pia, na alama zikabaki zilivyo. Kijana yule alitaka kuendelea na stashahada ya kazi za mikono, na kwa alama zile mlango ukafungwa. Simlaumu mtahini kwa roho mbaya, hakuwa nayo. Namlaumu kwa kuhakiki kazi bila kuinyanyua. Hakuishika nyundo ile hata mara moja.

Katika karakana hiyohiyo zilikuwapo nyundo mpya za kununuliwa, zinang'aa, ambazo zingepata alama zote za fomu. Tatizo lake halikuonekana kwa macho. Ziligumishwa kupita kiasi. Chuma cha pua kikipashwa hadi sumaku isikishike, kisha kikazamishwa majini ghafla, huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Mhunzi hukirudisha motoni kidogo ili kupunguza ugumu huo. Kijana wetu alisugua uso mpaka ukang'aa, akatia chuma chekundu ndani ya tundu, akasubiri joto litambae kuelekea usoni. Rangi zilikuja kwa zamu: kwanza ya majani makavu, kisha kahawia, na nyuma yake zambarau na buluu. Kahawia ilipofika usoni akazamisha. Kwa hiyo uso ulibaki mgumu wa kutosha, na sehemu ya tundu ikawa laini, isipasuke. Moja ya zile zinazong'aa ilimeguka ukingoni muhula huohuo, kipande kikamchana mwanachuo kidole kimoja chini ya jicho. Alama yake alibaki nayo.

Basi anayekwenda kununua leo, atazame kwanza tundu, ahakikishe ni la umbo la yai na halijakaa upande. Mpini uwe wa mpera au mkole, nyuzi zake zikinyooka toka mwanzo hadi mwisho. Mpini uliopakwa rangi nzito mara nyingi umefichwa kitu. Kisha atoe tupa mfukoni, aombe ruhusa, aiburute kidogo kwenye kingo ya uso. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, aiache nyundo hiyo. Ikiuma kwa shida, ailipie, akailainishe kingo nyumbani. Ikizama kama katika risasi, airudishe kwenye rafu. Mwenye duka atanung'unika. Mwache anung'unike, tupa yenyewe bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali ya macho.