Anasema Nini Yule Rubani?

Desemba nilirudi nyumbani Karatu kwa likizo, nikiwa na Return of the Jedi kwenye laptop. Siku hiyo mvua ilikuwa haikatiki. Magari ya watalii yalikuwa yakipita kuelekea Ngorongoro yakiwa yametapakaa tope jekundu, na mimi na mdogo wangu tulikuwa sebuleni tumejifunika blanketi moja. Filamu ikafika pale ambapo meli za waasi zinaelekea vitani. Rubani msaidizi, mwenye macho meusi na mashavu yaliyoning'inia, akafungua mdomo. Mdogo wangu akaangua kicheko.

"Huyu anaongea kama Mmang'ati!"

Nilicheka naye, kisha nikanyamaza. Ninasomea isimu, na nilijua kwamba hakuwa amekosea sana.

Rubani huyo anaitwa Nien Nunb. Filamu ilipotengenezwa, kabla ya kutoka mwaka 1983, mbunifu wa sauti Ben Burtt alikuwa akitafuta lugha za viumbe wa sayari za mbali. Njia yake ilikuwa kuazima lugha za watu halisi ambazo masikio ya Wamarekani hayajazizoea. Lugha ya Jabba aliichota kwenye Kikechua cha milima ya Andes. Ile ya Ewok, viumbe wadogo wa msituni, aliijenga kutoka Kikalmyk. Sauti ya Nien Nunb aliipata kwa mwanafunzi Mkenya aitwaye Kipsang Rotich, aliyezungumza Kikalenjin na Kikikuyu.

Sasa, Kikalenjin na Kidatoga ni ndugu. Wataalamu huziweka lugha hizo katika tawi moja, la Kiniloti cha Kusini. Na Wadatoga ndio hao tunaowaita Wamang'ati: wafugaji na wahunzi wa kandokando ya Ziwa Eyasi, tunaokutana nao mnadani wakiwa na bangili zao za shaba. Jina hilo hawakujipa wenyewe. Limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni maadui.

Kicheko kile nakifahamu kwa pande zote mbili. Mwaka wa kwanza chuoni, wenzangu wa hosteli walikuwa wakiniomba niseme "Kimbulu" kidogo. Nilikuwa nawasalimia kwa Kiiraqw, na zile sauti zetu za kooni zikawafanya wagonge meza kwa kucheka. Mmoja alisema ningefaa kuigiza kiumbe kutoka Mars. Iliniuma. Lakini utotoni, mama wa Kidatoga alipopita akizungumza na mwenzake, mimi na rafiki zangu tulimfuata nyuma tukimwigiza.

Kwa hiyo nikiilaumu filamu hii, najilaumu na mimi. Kasoro yake iko kwenye chumba cha sauti. Humo lugha ilichaguliwa kwa sababu msikilizaji hataielewa, na mzungumzaji akatumiwa kama ngoma. Lakini hadithi yenyewe inasema jambo jingine kabisa. Nien Nunb anaongea lugha yake, Lando Calrissian anajibu kwa Kiingereza, na kazi inaendelea. Hakuna mkalimani, hakuna maandishi chini ya picha. Han Solo na Chewbacca wanaishi hivyo hivyo.

Mtu wa Karatu haoni ajabu hapo. Wilaya yetu ina Kiiraqw, ambacho ni Kikushi, ina Kidatoga na Kimaasai, ambazo ni za Kiniloti, ina lugha za Kibantu, na ina Kihadza, ambacho hakijapata ndugu wa uhakika popote. Mnadani mmoja anauliza bei kwa lugha yake, mwingine anajibu kwa Kiswahili, na vitunguu vya Mang'ola vinauzwa. Kwa jambo hilo, Return of the Jedi inatufahamu kuliko filamu nyingi zilizopigwa picha kwenye mbuga zetu.

Mashabiki wa Star Wars hupenda kuhesabu waliojificha. Wanakuambia kwamba katika The Force Awakens ya 2015, askari mmoja aliyefunikwa kofia nyeupe uso mzima ni Daniel Craig, yule wa James Bond. Humo humo Lupita Nyong'o amefichwa ndani ya Maz Kanata, kiumbe mdogo mwenye miwani mikubwa aliyechorwa kwa kompyuta. Na Rotich pia yumo, aliitwa tena baada ya miaka 32 kumsemea rubani yule yule. Hiyo ni heshima. Lakini Craig alijificha kwa utani, kwa kuwa uso wake unajulikana mno. Alichokisema Rotich kilikuwa wazi tangu mwanzo, ila wengi tulikisikia kama kelele.

Haya yote nilimweleza mdogo wangu filamu ikiwa imesimama. Alisikiliza, halafu akauliza, "Sasa anasema nini?"

Nilimpigia simu rafiki yangu Mkikuyu, nikaweka simu kwenye spika ya laptop. Tukarudisha nyuma mara tatu. Rafiki yangu alicheka, kicheko tofauti na chetu. Alisema kuna mahali rubani anawaita wote walio kule waje hapa, kama mama anavyoita watoto wakati wa kula. Kumbe ni sentensi kamili.

Mdogo wangu alifikiri kidogo. "Na Mmang'ati anasemaje, njooni hapa?"

"Mdatoga," nilimsahihisha.

"Haya, Mdatoga. Anasemaje?"

Nilikuwa nimempigia simu mtu wa Nyeri kumwelewa kiumbe wa Sullust. Kwa Kidatoga, ambacho nimekisikia tangu nizaliwe, sikujua hata salamu. Nikamwambia tutauliza mnada ujao, na safari hii hatutaenda kuigiza.