Nani Kavamia, Nani Kashtukizwa?

Sisi waandishi chipukizi wa Songea tunapenda sana kuandika juu ya Vita vya Maji Maji, na tuna haki. Mji wetu umebeba jina la nduna aliyenyongwa. Timu yetu ni Majimaji, na uwanja ni Majimaji vilevile. Lakini katika hadithi ninazopewa kusoma hapa Lizaboni kuna jambo linanikera. Mapigano yakizuka ghafla tu, mwandishi anaokota neno la kwanza linalomjia: mara wamevamia, mara wamevizia, mara wameshtukiza. Eti yote ni mamoja. Hapana bwana, si mamoja.

Hebu tuyapime. "Kushambulia" ni neno pana, halisemi nani mwenye haki. Ndiyo maana mtangazaji wa mpira hulitumia dakika zote tisini kwa timu zote mbili na hakuna anayenuna. "Kuvizia" lina subira na maficho ndani yake: mwindaji anavizia, paka anavizia, jambazi naye anavizia. "Kuvamia" ni kuingia kwa nguvu pasipo pako. Ukisema fulani kavamia, umeshamaliza na kesi ya kiwanja. Hata vijiweni, mtu akiimba ovyo tunasema kavamia fani, yaani si mahali pake. "Kushtukiza" linamtazama anayepigwa, maana yeye ndiye hakuwa na habari.

Sasa chukua sentensi ambayo nimeikuta zaidi ya mara moja: "Waasi wakavamia boma." Maneno matatu tu, na babu yetu kashahukumiwa. Muasi ni yule anayemkataa mtawala wake halali. Nani alimhalalisha Mjerumani? Na boma lilikuwa limesimama kwenye ardhi ya nani? Mwandishi kijana wa Songea, mwaka huu tunaoishi, anaandika kama karani wa Gavana von Götzen bila kujua.

Tuitazame historia yenyewe. Tarehe 30 Agosti 1905, huko Mahenge, maelfu ya wapiganaji waliliendea boma mchana kweupe, kwa miguu yao, mbele ya bunduki za rashasha. Hapo hakuna kuvizia. Kwa upande wa huku kwetu, tarehe 21 Oktoba 1905 Wajerumani waliipiga kambi ya Wangoni waliokuwa wamekusanyika bila kutarajia chochote. Hilo ndilo shambulio la kushtukiza, ukitaka mfano wa kufundishia. Lakini wakubwa wa kikoloni safari za namna hiyo waliziita safari za kuadhibu. Neno "adhabu" linadai kwamba kosa lilitangulia na hakimu yupo. Vijiji vikachomwa, akiba ya chakula ikateketezwa, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na bado ni "adhabu".

Mtu atauliza, je, "kuvamia" tulitupe kabisa? La. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978 tuliita uvamizi, na neno lilikaa mahali pake, kwa kuwa waliingia kwa watu. Kosa ni kulitumia bila kuuliza kiwanja ni cha nani.

Na tusidhani ugonjwa huu uliondoka na Mjerumani. "Hujuma" ni neno la Kiarabu, maana yake ni shambulio. Mwaka 1983, kwenye vita dhidi ya uhujumu uchumi, mtu aliyeficha sabuni na sukari akawa mhujumu, yaani mshambuliaji, ingawa hakumpiga mtu hata kofi. Wakati huohuo, wanaokuja usiku wakiwa na amri ya serikali hawaitwi washambuliaji. Wanafanya "msako" au "operesheni". Miaka ya 1970 watu walihamishwa kutoka kwenye makazi yao, wengine kwa nguvu, na jina lake likawa Operesheni. Sisemi kila msako ni uonevu. Nasema mhuri unabadili neno, na mwandishi akikubali mhuri umchagulie maneno, basi aombe kazi ya ukarani.

Mshikaji wangu mmoja ananipinga: hadithi si kamusi, msomaji anataka mapigano. Namjibu kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Mle ndani sehemu kubwa ni kungoja. Watu wana hamu ya kupigana, Kinjeketile anawazuia, wanabishana kama wakati umefika. Ndipo vita inaanza, na mimi msomaji siwezi kusema watu hawa wameibuka tu kichakani. Nimeziona siku zao zote za hasira. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ukubwa wa kazi ile ulipo. "Ghafla" ilikuwa ya yule aliyekaa ndani ya boma. Kwa aliyelimishwa pamba kwa viboko, haikuwa ghafla hata kidogo.

Hivyo ndugu zangu mnaoniletea hadithi, kabla ya kuandika "ghafla", jiulizeni ni ghafla kwa nani. Kabla ya "wakavamia", semeni nyumba ni ya nani. Kila tarehe 27 Februari mji huu unawakumbuka mashujaa walionyongwa hapa mwaka 1906. Asubuhi tunawaita mashujaa mbele ya mnara, na jioni kwenye daftari tunawaita waasi waliovamia. Tuchague moja. Hadithi zenu nitaendelea kuzisoma, lakini sentensi ile ya boma nitaikata kwa kalamu nyekundu kila nitakapoikuta.