Hilali si Nembo Tu: Uhakiki wa Usomaji wa Vito vya Fedha katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Makala haya yanahakiki mazoea ya kuisoma kila hilali iliyofuliwa katika vito vya kale vya Waswahili kuwa alama ya Uislamu. Hoja inayotetewa ni kwamba katika pwani hii hilali ni kipimo cha wakati kabla ya kuwa nembo.

Historia yenyewe haiungi mkono usomaji huo uliozoeleka. Mwezi na nyota vilipigwa katika sarafu za Wasasani kabla ya Uislamu. Kuenea kwake kama nembo ya Waislamu kunahusishwa zaidi na bendera ya Dola ya Uthmaniya katika karne za 18 na 19. Sonara wa Ibo, ambao karakana yao imo katika ngome ya São João iliyojengwa mwaka 1791, walirithi ufundi wa kuyeyusha sarafu na kusokota nyuzi za fedha. Kuwahesabu kuwa wanakili wa bendera ni kuwapunja.

Macaloe, kisiwa cha wavuvi kilicho kaskazini mwa Ibo, kinadai usomaji mwingine. Huko bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu: maji hupwa mno, mwamba huwa wazi, na wanawake huokota kombe. Kiswahili, jamaa wa karibu wa Kimwani kinachosemwa visiwani, hukiita chombo cha angani na siku thelathini kwa neno moja, mwezi; na mwanamke aliye katika hedhi husemwa yumo mwezini. Nyota nayo ni bahati ya mtu. Kipuli chenye umbo la hilali, kikisomwa ndani ya msamiati huu, hukusanya ibada, bahari na mwili. Dini haifutwi, kwani Ramadhani yenyewe hufunguliwa kwa kuandama kwa mwezi. Bali inawekwa mahali pake miongoni mwa maana nyingine.

Hata hivyo, wingi wa maana za neno hauthibitishi dhamira ya sonara. Ushahidi wenye uzito zaidi ni jina ambalo mvaaji mwenyewe hulipa pambo lake, pamoja na siku anazolivaa na mtu atakayemrithisha.

Ushahidi huo ndio ulio hatarini. Vita vilivyoanza Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia, na Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, vimewahamisha wengi. Fedha ni nyepesi kubeba na rahisi kuuza. Mkimbizi anapoiuza, hupimwa kwa uzito, na jina lake halimo katika mizani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya wataalamu wa lugha si kufasiri vito vilivyomo makumbushoni, bali ni kuyaandika majina hayo kwa Kimwani, kutoka vinywani mwa wanawake waliokimbilia Pemba na kwingineko, wangali wanayakumbuka.