Kufufua Ruta si Kuirejesha

Neno "kurejesha" limebebeshwa mizigo miwili katika tafsiri za maelekezo ya ruta. Kwanza, kurudisha mipangilio ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe. Pili, kuandika upya programu dhibiti iliyoharibika, mathalani umeme ulipokatika katikati ya kuisasisha. Kitendo cha kwanza hufuta mipangilio tu. Cha pili huhitaji waya, kompyuta na nakala sahihi ya programu. Karani wa Sumbawanga aliyeambiwa "arejeshe" atabonyeza kitufe, na ruta itabaki imekufa.

Wahunzi wa Ufipa wa zamani hawakuchanganya mambo hivyo. Tanuri refu la kuyeyushia mawe ya chuma waliliita ilungu. Dogo la kusafishia chuma hicho, kintengwe. Kila kazi ilikuwa na jina lake.

Hatuna budi kutenganisha: "kuwasha upya" ni kuzima na kuwasha; "kurejesha" kubaki kwa mipangilio; "kufufua" kuwe kwa programu dhibiti. Atakayedai kuwa "kufufua" ni neno la dini akumbuke kwamba twasema kufufua viwanda. Istilahi isiyotofautisha vitendo humpotosha mtendaji.