Heko kwa Walezi wa Kijito cha Mossom

Mwaka 1976, walimu wawili wa baiolojia na wanafunzi wao wa sekondari walianza kutotoa vifaranga vya samoni kando ya kijito cha Mossom, Port Moody, nchini Kanada. Kazi ile bado inaendelea kwa mikono ya watu wa kujitolea, nami nawavulia kofia.

Samoni, kama binamu yake trauti, hutaka maji baridi, safi, yenye oksijeni tele. Mji ukipanuka, tope na uchafu wa barabarani hufukia changarawe anamotagia. Ndipo wanapoingia watu hawa. Majira ya majani kupukutika hutoa mayai ya jike, huyachanganya na manii ya dume, kisha huyalaza kwenye trei zinazopitiwa na maji wakati wote. Yai lililokufa hugeuka jeupe na kuota kuvu. Lisipoondolewa, kuvu huvamia mayai jirani. Kwa hiyo mtu huinama juu ya trei, akiyachambua kama mchele kwenye ungo, vidole vikifa ganzi kwa baridi. Halipwi hata senti.

Desemba 2013 kituo chao cha kutotolea kiliteketea kwa moto. Wangekata tamaa, nani angewalaumu? Wakakijenga upya.

Kinachonigusa zaidi ni subira yao. Kifaranga wa samoni aina ya chum huteremka baharini mapema, ilhali wa aina ya koho hulelewa yapata mwaka mzima. Wengi huliwa njiani wasirudi kamwe. Hata hivyo, msimu ukifika, trei huoshwa na kazi huanza tena.