Kusikia kwa Kidole

"Fumba macho," Ami aliniambia, akanipa mshipi wake. "Haya, unasikia nini?"

Nikafumba. Nilisikia maji yakilipiga dau ubavuni, nikamsikia mjukuu wake akiteka ngama kwa upo kule tezini. Kwenye mshipi sikusikia kitu, nikamwambia hivyo. Akauchukua, akaulaza juu ya kidole cha shahada, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Tuko juu ya mawe," akasema, "na kuna vikande. Chambo chetu kishaliwa." Akaanza kuvuta, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mpaka pima 35 zikaingia chomboni, na ndoana ikatoka tupu, inang'aa kama iliyosuguliwa kwa majivu.

Ami hatuna udugu wa damu. Ni mvuvi wa upande wa magharibi wa Pemba, wa rika la marehemu baba yangu, na kwa adabu za kwetu hiyo inatosha kumwita hivyo. Mimi nimekulia Chake Chake, nimekula samaki wa bahari ile tangu nina meno, lakini mshipi nilikuwa nauona begani mwa watu tu. Nimezoea kusikia baridi, kusikia njaa, kusikia harufu ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara. Kiswahili hakijawahi kulifungia neno hilo sikioni. Siku ile ndipo nilipomwona mtu analitumia kwa kidole, na kazi yake yote imesimama juu ya hilo.

Ilikuwa mwezi wa Machi, mwisho wa kaskazi, zile siku ambazo upepo umechoka na joto limebaki peke yake. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, watu watatu, tukisukumwa na umande unaotoka nchi kavu. Kulipopambazuka, Misali ilikuwa kushoto kwetu, nyeusi, imelala chini kama msala. Na ndivyo wasemavyo wazee: Nabii Khidhri alifika pwani ile akaomba msala wa kusalia, watu hawakuwa nao, akakigeuza kisiwa kile kuwa msala wake. Tangu mwaka 1998 Misali ni eneo la hifadhi, na ipo sehemu yake ambayo hairuhusiwi kuvuliwa kabisa. Ami aliizunguka kwa mbali bila kuitazama, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

Pemba haina mto wa kujivunia. Tuna vijito vinavyoshuka mabondeni kwenye mpunga, vikaishia mikokoni. Mto wetu mkubwa ni wa chumvi: ule mkondo ulio kati yetu na Tanga, upana wa kilomita 50 hivi, na kina kinachopita mita 800. Unguja imekaa juu ya maji ya makumi machache ya mita tu, imeshikamana na Bara kwa chini; sisi tumetengwa na shimo. Na maji ya shimo hilo yanakwenda kaskazini mwaka mzima, kama mto kweli. Kusi ikivuma, upepo na maji huelekea njia moja, mkondo ukawa na nguvu za kutisha. Kaskazi hukabiliana nao uso kwa uso, ukapungua kasi. Ndiyo maana Ami anazithamini siku hizi za Machi ambazo mtu wa mjini anazilaani kwa jasho: mshipi ukitoswa, unashuka wima.

Wima ndiyo kila kitu. Mshipi uliopinda, mkondo ukiuburuta, hausemi. Unavuma tu kidoleni kama waya wa umeme. Kwa hiyo mvuvi wa kina kirefu anatafuta mambo mawili yakutane, majira na mwezi. Bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4 katika pwani zetu, na yote hayo lazima yapite mahali. Maji mafu, kwenye tarehe 8 na tarehe 22 za mwezi wa Kiislamu, hayana haraka. Ami hana jedwali la maji ukutani. Ana mwezi, na ana hesabu ya vidole. Na hata ndani ya siku ya maji mafu anaisubiri saa moja tu, maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Saa hiyo hapendi maswali.

Kabla ya hapo lakini lazima ujue umesimama wapi, maana juu ya bahari kote ni sawa. Aliushika mwamba wake kwa alama za nchi kavu: kitu cha karibu ukilinganishe na kitu cha mbali, upate mstari, upande mwingine ufanye vilevile, mistari inapokatana, tosa nanga. Nilimuuliza alama zake. Akanitajia moja, mnazi uliopinda na kilima nyuma yake. Ya pili aliitazama tu, akanyamaza. Mjukuu alikuwa na simu yenye ramani mfukoni, na nadhani alikuwa ameshalihifadhi eneo lile zamani, lakini alimwachia babu yake ahangaike na mnazi. Adabu ya kijana yule niliipenda kuliko nilivyomwambia.

Vyombo vya kazi vinaingia kwenye ndoo moja. Uzi wa nailoni uliokunjwa juu ya kipande cha ubao. Chubwi ya risasi. Ndoana chache zilizochomekwa kwenye kandambili kuukuu, na ngisi wa chambo ndani ya kitambaa chenye maji. Uzi huu ambao sasa tunauona kama umekuwepo tangu enzi za mababu ulitangazwa duniani mwaka 1938. Kabla yake mishipi ilikuwa ya nyuzi za kusokota, mizito, inayooza. Ndoana zina hesabu iliyokwenda kinyume: namba ikikua, ndoana inapungua. Nilidhani ni jambo dogo mpaka aliponieleza kwa nini anachagua kubwa. Samaki anayetoka kina kile hufika juu tumbo limevimba, mara nyingine limetokea mdomoni, kwa hewa iliyotanuka ndani yake. Ukimrudisha majini huelea akafa. Basi kama hutaki watoto, usiwavute kwanza. Chagua ndoana isiyoingia vinywani mwao kabla hujaitosa.

Akatia chambo upya. Namna alivyokitia peke yake ingeweza kunitosha kwa asubuhi nzima: ukanda mwembamba wa ngisi, ndoana imepita mara mbili, ncha imefichwa lakini haikuzikwa, mkia umeachwa ucheze. Akatosa, uzi ukimpita kati ya vidole, midomo ikihesabu. Chubwi ilipogonga chini aliinua nusu pima, akaulaza mshipi pale pale juu ya kidole cha shahada, penye kovu jeupe la miaka mingi. Kidole gumba kilikuwa kimevishwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Cha shahada hakivishi. "Nikikivika nitasikia na nini?"

Ndipo akaanza kunisomesha. Kikande hadonoi kwa heshima, anatafuna: tiki tiki tiki, haraka, bila uzito. Usimjibu, utachoka bure. Changu anagonga mara moja, anaacha, anarudi. Ile mara ya kwanza si yako. Wala ya pili. Anapoondoka nacho, mshipi unalainika kidogo kabla ya kukaza, na ni ndani ya ulaini ule unapovuta, kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Kolekole hana mashauri, anapiga na kukimbia. Huyo mpe uzi, akikataa mpe tena, utamrudisha akichoka. Chewa ni kinyume chake. Chewa anafungua kinywa, chambo kinaingia na maji, naye anageuka kwenda pangoni kwake. Kwa huyu ukichelewa kuhesabu moja, umemkosa.

Sasa fikiria: mpe huyu, mnyime yule, na uamuzi unafanywa kabla hujajua umekamata nini. Muda wote ulionao ni ule wa kupepesa jicho, na habari yote uliyonayo imepita kwenye uzi wa pima 35. Nimewahi kukaa na mafundi wa aina nyingi, maseremala wa milango, washonaji kofia, na sikumbuki kazi nyingine ambayo fundi hakioni kabisa kitu anachokifanya.

Zamu yangu ilipofika nilipata changu wawili kwa bahati, na wa tatu alikuwa chewa. Nilihesabu moja, mbili, nikavuta, mshipi ukakataa kama umefungwa kwenye gati. Ameingia. Nikaanza kuvutana naye. Ami akaniwekea mkono begani. "Mwache, mwanangu. Legeza." Nikalegeza. Akachukua mshipi, akauacha ulegee kabisa, akatoa muhogo wa kuchemsha kwenye karatasi, akatugawia. Tukala. Akasimulia habari za arusi ya mtoto wa jirani, akauliza bei ya nauli ya Dar es Salaam siku hizi. Kidole hakikutoka kwenye uzi. Katikati ya sentensi kuhusu nauli mkono wake ukapanda juu, mara moja, kwa nguvu zote za mgongo, na yule chewa akawa nje ya pango. "Alidhani tumeondoka," akasema, akaendelea kuvuta na kuendelea na nauli.

Katika mkondo huu huu, upande wa Tanga, tangu mwaka 2004 silikanti wamekuwa wakinaswa kwenye majarife yanayotegwa kina kirefu, samaki ambao wataalamu waliamini walikwisha kabla ya kuwepo binadamu mpaka alipoonekana mmoja Afrika Kusini, mwaka 1938 uleule wa nailoni. Hifadhi ikatangazwa Tanga mwaka 2009 kwa ajili yao. Jarife halina kidole. Linanasa kinachopita, liwe chakula au ajabu ya dunia. Na ng'ambo nyingine, Shimoni upande wa Kenya, wageni huja na boti za injini kumtafuta nduaro. Ernest Hemingway alipiga kambi huko Februari 1954, akiuguza majeraha ya ajali mbili za ndege alizopata Uganda mwezi uliotangulia. Miaka miwili nyuma alikuwa ametoa The Old Man and the Sea, hadithi ya mzee wa Cuba anayevua kwa mshipi wa mkono. Wazee wa namna hiyo walikuwa ng'ambo ya maji tu kutoka alipolala.

Maji yalipogeuka, mshipi ukaanza kupinda na Ami akaukunja bila majadiliano. Tulikuwa na changu 11, chewa yule, kolekole mmoja wa wastani. Upepo wa alasiri ulitufikisha dikoni mapema. Dalali alipiga mnada kwa dakika chache, chewa akaenda kwa mtu wa hoteli, changu wakatungwa tungo mbili, na tungo ndogo ya tatu ikawekwa kando kwa kitoweo cha nyumbani. Fungu la chombo, fungu la Ami, fungu la mjukuu. Mimi nilipewa changu mmoja, yule wa kwanza, kwa kuwa nilimvua mwenyewe.

Nilipopita kwake baada ya isha kumuaga, alikuwa barazani, taa imezimwa kwa sababu ya wadudu. Alikuwa ameusuuza mshipi kwa maji baridi ya kisima na sasa anaupitisha polepole kati ya ukucha wa gumba na kidole cha shahada, pima moja baada ya nyingine, gizani. Mahali fulani akasimama, akarudi nyuma kidogo, akapapitia tena. Mimi nilipapitia hapo hapo, sikusikia kitu. Akaukata kwa meno, akatupa pima nne nzima, akaanza kufunga fundo.