Kocha wa Katwe na Wazee wa Kung-fu

Kwenye vibanda vya video vya Bwera na Kasese mjini kuna hadithi moja ambayo watu hawaichoki: kijana anapigwa, anampata mzee, mzee anamtesa kwa mazoezi, kijana anarudi na kuwapiga wote. VJ anapaza sauti kwa Kiganda juu ya Kichina. Sisi tuliovuka Mpondwe kutoka Kasindi na Beni tunashika nusu tu. Nusu nyingine jirani wa kwenye benchi anatunong'onezea kwa Kikonzo, ambacho kwa Mnande si lugha ya kigeni. Lakini hadithi yenyewe haihitaji hata mfasiri.

Chukua The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978. San Te anabeba ndoo za maji, mikono imenyooshwa kando, na visu vimefungwa mikononi. Akiishusha tu, anajichoma mwenyewe. Mwaka uleule Jackie Chan katika Drunken Master anateswa na mzee mlevi, na huko pia ni maji: anayahamisha kwa vikombe vidogo huku ananing'inia kichwa chini. Kibanda chote kinacheka. Sisi maji tunabeba kila siku, madumu ya lita 20, na sijaona bingwa aliyetoka bombani! Ila kicheko hicho kina neno ndani yake. Mzigo ni uleule. Kinachotofautisha ni kwamba San Te yuko na mtu anayemtazama akibeba, na ambaye anajua mkono ule utafanya nini kesho.

Wazee hawa nawapenda, lakini wana kasoro. Wako pale kwa ajili ya kijana tu. Hatujui wanakula nini, wana deni gani, walikuwa wanataka nini maishani kabla kijana hajaja. Hata Rafiki wa The Lion King, ambaye jina lake ni neno letu kabisa, anampiga Simba fimbo ya kichwa, anamfundisha alichomfundisha, basi. Hapotezi kitu.

Ndiyo maana naiweka juu ya zote Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016, inayotuhusu sisi wa Uganda na tuliokimbilia Uganda. Hakuna ngumi. Phiona Mutesi anauza mahindi Katwe, mtaa wa mabanda Kampala, na anafuata uji. Kweli, uji ndio unaomvuta kwenye chesi, ile ambayo vitabu huiita sataranji. Kocha wake, Robert Katende, aliyechezwa na David Oyelowo, ni msomi wa uhandisi ambaye hana kazi ya uhandisi. Baadaye kazi inapatikana, kazi ya maana yenye mshahara wa maana, na yeye ana mke. Anaikataa ili abaki na watoto. Kwangu pale ndipo filamu inapogeuka. Kabla ya pale Katende ni mwalimu mwema kama wale wengine. Baada ya pale tunajua amelipa nini.

Na si yeye peke yake anayelipa. Mama yake Phiona, Harriet, ambaye Lupita Nyong'o anamcheza kwa ukali unaouma, mwanzoni anadhani mchezo huu ni kamari na anagoma. Halafu anauza nguo zake za thamani anunue mafuta ya taa ili binti asome usiku. Watu wakizungumzia filamu hii wanamtaja kocha, kocha, kocha. Mimi nasema mafuta yale ya taa yana uzito uleule. Halafu kuna Gloria, katoto kadogo kuliko Phiona, ndiye anayemwelekeza kwanza kwamba kete ndogo ya mbele ikivuka ubao mzima inaweza kugeuka malkia. Mkubwa anafundishwa na mdogo! Sinema za kung-fu haziwezi kuwaza hilo, kwa sababu kwao hekima lazima iwe na ndevu.

Sasa lawama yangu. Filamu inatuonyesha uji lakini haionyeshi vizuri nani anaulipia. Katende wa kweli alikuwa anafanya kazi na shirika la michezo la Kikristo. Mbao za chesi na unga vilikuwa na bajeti yake. Jambo hili si dogo kwetu. Nimewaona vijana wenzangu wakipewa mafunzo ya miezi mitatu: kushona, kompyuta, hata kuigiza. Mwalimu mzuri kabisa. Fulana, picha ya pamoja, cheti. Mwezi wa nne hayupo, na simu yake haipatikani. Sisemi ni mtu mbaya. Mkataba wake uliisha. Lakini kijana aliyeanza tu kuamini kwamba ana mtu anayemtazama, anarudi kwenye dumu lake.

Phiona naye anaanguka. Anakwenda Urusi kwenye mashindano ya dunia, anashindwa, anarudi nyumbani amevunjika moyo. Kama Katende angekuwa wa miezi mitatu, filamu ingeishia uwanja wa ndege. Kinachofuata ni kurasa ambazo ripoti nyingi hazina nafasi ya kuziandika: kukaa na mtu ambaye kwa sasa hana mafanikio ya kupiga picha. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, itazameni sehemu hiyo mara mbili.

Ukimpata mtu mwenye filamu hii kwenye flashi, usimruhusu aizime majina yanapoanza kupita. Watu halisi wanatoka mmoja mmoja na kusimama karibu na waigizaji waliowacheza: Phiona, mama yake, wale watoto wengine wa chesi ambao sasa wamekuwa warefu. Katende naye yupo.